Namna ya kuanzisha kikundi cha Kikristo cha kusaidia vijana wenye maisha magumu, na kikadumu

Watu wengi wakiupata huu mzigo moyoni wanaanza na jina. Jina, nembo, tisheti, ukurasa wa mtandaoni, halafu mwenyekiti na makamu wake na katibu na katibu msaidizi, na mpaka hapo hakuna hata kijana mmoja aliyeulizwa kitu. Mimi nasema hayo yote yasubiri. Kikundi cha namna hii kinasimama kwa jambo moja tu, watu wazima wachache wanaorudi kwa vijana walewale, siku ileile, saa ileile, wiki baada ya wiki bila kukosa, na mengine yote nitakayoeleza hapa, hela, usajili, maombi, ulinzi wa watoto, yapo ili hilo moja lisivunjike.

Angalia YMCA, chama cha Kikristo cha vijana wa kiume, ilivyoanza. Juni 1844 pale London, George Williams alikuwa kijana wa miaka 22 tu, mfanyakazi wa duka la vitambaa, analala hapohapo kwa tajiri wake pamoja na wenzake kama ilivyokuwa kawaida ya maduka makubwa ya siku zile, kazi masaa mengi, na jioni ikifika hakuna pa kwenda zaidi ya baa na vichochoro. Wakakutana vijana 12, wakasali, wakasoma Biblia, wakaanza kuwavuta na wenzao wa maduka mengine. Mfadhili hayupo, mradi haupo. Miaka 11 baadaye, 1855, wajumbe wa vyama vya aina hiyo kutoka nchi mbalimbali wakakutana Paris na kukubaliana msingi wao mmoja. Kinachonivutia hapo sio ukubwa wake wa baadaye, ni kwamba Williams alikuwa anakaa ndani ya shida yenyewe, hakuja kuwatembelea. Kwa hiyo kama wewe unatoka nje ya hayo maisha, kabla hujaita kikao chochote tafuta wawili watatu wanaoyaishi, wawe wenzako kwenye kuanzisha na sio wageni waalikwa.

KWANZA KAA USIKILIZE

Kwenye Marko 10 kuna yule kipofu Bartimayo anapiga kelele barabarani, kila mtu anaona kabisa shida yake ni macho, na bado Yesu anamuuliza unataka nikufanyie nini. Hatua yako ya kwanza ndo hiyo, na wengi wanairuka kwa sababu wanadhani jibu wanalo tayari.

Jipe mwezi mzima, ikiwezekana miwili, wa kwenda walipo. Kijiweni, uwanjani, nje ya geti la shule baada ya masomo, stendi, popote wanaposhinda. Usiende na kamera. Usiahidi kitu, yaani hata mpira usiahidi, kwa sababu hawa vijana wengi wameshaahidiwa sana na ukiongeza ahadi yako kwenye foleni umekwisha. Maswali yanayofaa ni ya kawaida kabisa. Siku yako inaendaje toka unaamka mpaka unalala? Ukipata tatizo usiku wa manane unamfuata nani? Kuna watu walishakuja kuwasaidia hapa wakaondoka, ilikuwaje? Na hili la mwisho ndo nalipenda zaidi, kitu gani unakijua vizuri kiasi kwamba unaweza kumfundisha mwenzio? Hilo swali linabadilisha maongezi yote, mtu aliyezoea kuulizwa anakosa nini ghafla anaulizwa ana nini, na utakuta yupo anayefumua redio na kuirudisha, yupo anayesuka, yupo anayejua hesabu kuliko hata mwalimu wake.

Ila ukiishia kijiweni utawapata wavulana peke yao. Mabinti wengi hawakai vijiweni, wako nyumbani na kazi za ndani na wadogo zao mgongoni, wengine wameshakuwa mama. Hao watafutwe na dada au mama wa kikundi, waongee wenyewe bila wanaume kuwepo. Vijana wenye ulemavu nao mara nyingi wamefungiwa ndani, hutawaona mpaka uulize nyumba kwa nyumba.

Halafu waulize wazazi, walimu, viongozi wa mtaa, wachungaji wa makanisa mengine, na watu wa dini nyingine wanaoishi hapo. Andika orodha mbili. Moja ya yanayokosekana, nyingine ya yaliyopo: ukumbi wa kanisa unaokaa mtupu katikati ya wiki, fundi mstaafu, nesi, kiwanja, cherehani tatu zimefunikwa shuka kwa mtu. John Kretzmann na John McKnight walilieleza hili mwaka 1993, kwamba jamii ijengwe kuanzia na kile ilichonacho na sio kuanzia na mapengo yake, na ukweli ukianza na orodha ya mapengo unaishia kuandika barua za kuomba msaada, basi.

Na vijana wawe na sauti mpaka kwenye maamuzi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989, kifungu cha 12, unasema mtoto mwenye uwezo wa kuwa na maoni yake ana haki ya kuyatoa kwenye mambo yanayomhusu na yazingatiwe kulingana na umri na upevu wake. Mwaka 1992 Roger Hart akachora ngazi ya vipandio 8 vya ushirikishwaji, na vile vitatu vya chini kabisa anasema sio ushirikishwaji hata kidogo, ni kuwatumia, kuwafanya mapambo, na kuwaweka kwa jina tu. Jipime hapo. Kijana anayeitwa siku ya mgeni rasmi aimbe shairi la kushukuru, huyo ni pambo. Kijana mwenye kura kwenye kikao kinachopanga matumizi, huyo tunaweza kuongea.

CHAGUENI JAMBO MOJA

Baada ya kusikiliza mtakuwa na mambo ishirini kichwani na kila volontia ana lake analolipigania. Chagueni moja, angalau kwa mwaka wa kwanza. Liwe ni lile ambalo vijana wenyewe walilitaja sana na nyie mna uwezo nalo bila kusubiri hela ya mtu.

Michezo ni rahisi kuanza nayo na inaleta watu haraka. Ujue tu kwamba mpira wa kikapu wenyewe ulizaliwa kwenye kazi kama hii, Desemba 1891 kwenye chuo cha YMCA pale Springfield, Marekani, James Naismith aliambiwa atafute mchezo wa ndani kwa ajili ya vijana waliokuwa wamechoshwa na mazoezi ya ndani ya msimu wa baridi, akatundika vikapu viwili vya matunda akaandika sheria 13. Voliboli nayo ikatoka kwa mtu wa YMCA, William Morgan, mwaka 1895. Lakini mchezo peke yake ni mlango, kama baada ya mpira hakuna kukaa chini na kuongea basi mmeanzisha timu, na timu ni jambo jema ila lina watu wake.

Masomo ya ziada yanahitaji watu wachache wenye subira na mahali penye mwanga. Ufundi ni mgumu zaidi lakini ndo unaobadilisha maisha, na hapa kuna la kujifunza kwa Don Bosco, yule padri wa Turin, Italia, aliyeanza kukusanya watoto wa mtaani mwaka 1841. Yeye hakuishia kuwatafutia mafundi wa kuwapokea, miaka ya 1850 alikuwa anaandikishiana mkataba na fundi, kwamba mtoto afundishwe kazi yenyewe na asigeuzwe mtumwa wa nyumbani, asipigwe, apate mapumziko yake. Fanyeni hivyohivyo. Mkimpeleka kijana kwa fundi, iwe seremala, saluni au gereji, kaeni wote watatu mezani na karatasi, muandike atajifunza nini kwa muda gani, anaanza kulipwa lini, nani anagharamia vifaa, akiumia inakuwaje, kisha volontia mmoja awe anapita pale kila wiki. Pasipo karatasi mtoto atafagia gereji miaka miwili na hajagusa spana.

Kwa waliozidi kidogo umri na kina mama wadogo, kikundi cha kuweka na kukopa kinafanya kazi vizuri. Mfumo huu kwa namna unavyotumika sasa ulianzia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, na uzuri wake ni kwamba hela ni ya wanachama wenyewe: watu 15 mpaka 25, wananunua hisa kila wanapokutana, wanakopeshana kwa riba waliyopanga, sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, mwisho wa mzunguko wa karibu mwaka wanagawana. Nyie kazi yenu ni kufundisha na kukaa pembeni. Msiingize hela za wafadhili mle, mkizichanganya tu nidhamu ya kurejesha inakufa maana kila mtu anajua hela ya bure ilivyo.

WATU WA KUJITOLEA, NA HAPA USIHARAKISHE

Kanisani ukitangaza tu utapata watu wengi Jumapili ya kwanza. Usifurahi mapema. Mwambie kila mmoja ukweli kabla hajajiandikisha, ni masaa mangapi kwa wiki, kwa muda gani, nauli ni ya nani, na kwamba hakuna posho kama haipo. Bora watu sita wanaokuja kila wiki kuliko arobaini wanaokuja wakijisikia, na hili sio suala la mpangilio tu, kijana aliyeachwa na baba, akaachwa na mjomba, akaachwa na shule, halafu na wewe unampotea bila neno, umemuongezea ushahidi kwamba hakuna mtu anayekaa.

Utaratibu wa kupokea volontia uwe mmoja kwa wote, mtoto wa askofu na asiyejulikana sawasawa. Fomu fupi, mahojiano na watu wawili, wadhamini wawili wasio ndugu zake na wapigiwe simu kweli sio kuandikwa tu, cheti cha polisi cha tabia njema pale kinapopatikana, semina ya ulinzi wa watoto, kisha kipindi cha majaribio cha miezi kama mitatu ambacho hakai na watoto bila mwenzake. Atakayechukia kuulizwa maswali umshukuru kwa muda wake na yaishie hapo.

Sasa ulinzi wenyewe. Najua kuna watu wakifika hapa wanasema sisi ni watu wa Mungu tunajuana. Mwaka 2020 L'Arche, shirika la jumuiya za kuishi pamoja na watu wenye ulemavu wa akili, lilitangaza kwamba mwanzilishi wake Jean Vanier, aliyekuwa amefariki mwaka 2019, mtu aliyeheshimiwa dunia nzima na wengi wakimuona kama mtakatifu anayetembea, aliwadhulumu kingono wanawake waliokuwa wanamfuata kwa ushauri wa kiroho. Uchunguzi waliuagiza wenyewe, matokeo wakayatoa hadharani wenyewe, na kwa hilo wanastahili heshima. Lakini kaa ulifikirie, kama sifa ya utakatifu haikumlinda mtu pale, kwenye kikundi chako itamlinda nani?

Kwa hiyo andikeni sera, kurasa mbili zinatosha kuanzia, kwa lugha ambayo kijana wa miaka 13 anaielewa, na ibandikwe ukutani. Ndani yake kuwe na haya. Mtu mzima hakai na mtoto mmoja mahali pasipoonekana, hata kwa maombi, hata kwa ushauri nasaha, mlango uko wazi au kuna dirisha au mnakaa nje mnapoonekana. Watu wazima wawili kila shughuli, na kama kuna mabinti mmoja wao awe mwanamke. Hakuna kupiga, hata kibao cha kurekebisha. Hakuna mtoto kulala kwa volontia, hakuna kuchat naye faragha usiku, mawasiliano yapite kwenye grupu lenye watu wazima zaidi ya mmoja na mzazi ajue. Hakuna mahusiano ya kimapenzi na kijana yeyote aliye chini ya huduma yenu, na kwa wa chini ya miaka 18 hakuna mjadala kabisa: Umoja wa Mataifa kwenye kanuni zake za 2003 kwa wafanyakazi wake uliweka wazi kwamba umri huo ndio mpaka hata kama sheria ya nchi inaruhusu chini yake, na kusema sikujua umri wake sio utetezi. Kutoa zawadi, ada au kazi ili upate ngono nako kumekatazwa humohumo. Chukueni hivyo hivyo mkaandike kwenu.

Teueni watu wawili wa kupokea malalamiko, mmoja mwanaume mmoja mwanamke, na ikiwezekana mmoja asiwe wa kanisa lenu. Mtoto akisema kitu, wewe kazi yako ni kusikiliza bila kuonyesha mshtuko, bila kumhoji kama askari, na usimuahidi kwamba hutamwambia mtu, mwambie nitawaambia wale tu wanaoweza kukusaidia. Andika maneno yake kama alivyoyasema siku hiyohiyo, hakikisha analala mahali salama usiku ule, halafu peleka kwa ustawi wa jamii au polisi. Mtuhumiwa anasimama pembeni wakati uchunguzi unaendelea, awe nani awe nani. Na lile la kusuluhisha kifamilia, tumsamehe ndugu yetu yaishe, hapana. Msamaha ni wa aliyeumizwa kuutoa akitaka, hauzuii sheria, na kikao cha wazee sio mahakama.

IMANI IKAE WAPI

Mabishano ya vikundi vingi yako hapa. Upande mmoja wanasema kama hatuhubiri tofauti yetu na wengine ni nini, upande mwingine wanaogopa hata kusali wasije wakaonekana wabaguzi. Msimamo wangu ni kwamba msaada hauna masharti na imani haina kificho. Mwaka 1994 mashirika ya Msalaba Mwekundu na mengine, yakiwemo ya Kikristo kama Caritas Internationalis na Baraza la Makanisa Ulimwenguni, yalikubaliana kanuni za utoaji misaada wakati wa maafa, na mle wameandika kwamba misaada itolewe kwa kuangalia uhitaji tu bila kuangalia dini, na isitumike kuendeleza msimamo wa kisiasa au wa kidini. Ni kanuni za maafa ila zinafaa hata kwa kikundi cha watu sita. Yesu aliponya wale kumi wenye ukoma, akarudi mmoja, na hatusomi kwamba wale tisa ukoma uliwarudia.

Kivitendo inakuwa hivi. Kijana wa dini nyingine au asiye na dini anapata nafasi ileile ya masomo, ya ufundi, ya mpira. Kipindi cha neno na maombi kinatangazwa saa yake, kiko kabla au baada ya shughuli kuu na sio katikati, asiyetaka anaingia baadaye au anatoka mapema na hakuna anayemkazia macho. Chakula hakitolewi mwisho wa ibada kama tiketi ya waliokaa. Hamuandiki idadi ya waliookoka kwenye ripoti ya mfadhili. Kijana aliye chini ya umri akitaka kubatizwa, wazazi wake waongee kwanza na mchungaji, nyie kama kikundi mkae pembeni. Akikuuliza mwenyewe kwa nini unakuja kila wiki bila kulipwa, hapo mjibu, na usijibu kwa mahubiri ya nusu saa, mjibu kama mtu aliyeulizwa swali.

Na ndani kwenu salini sana, hiyo ndo ya kwanza kufa kazi zikizidi. Kikao cha volontia kianze na maombi ya kuwataja vijana, ila shida za siri za kijana zisigeuke hoja ya maombi kwenye grupu la kanisa. Nimeona umbea mwingi sana ukivaa joho la "tumuombee fulani".

HELA

Kanisa la mwanzo lenyewe lilipata malalamiko ya mgawo, Matendo 6, wajane wa upande mmoja wanaona wanarukwa, na mitume hawakusema muwe na imani, walisema chagueni watu saba wenye sifa njema wasimamie. Paulo naye kwenye 2 Wakorintho 8 anapobeba mchango anatuma na wenzake wanaoaminiwa na makanisa, ili mtu asipate neno la kumlaumu. Basi msiwe wa kiroho kuliko Paulo. Akaunti ya benki kwa jina la kikundi, watia saini wasiopungua wawili ambao sio mume na mke, hela haipiti kwenye simu ya mwenyekiti hata siku moja ya dharura, risiti kwa kila kitu na pale pasipo risiti vocha iliyosainiwa na mpokeaji na shahidi. Anayenunua sio anayeidhinisha. Kila mwezi mapato na matumizi yabandikwe ukutani mahali vijana wanapita, utashangaa watakavyosoma kwa makini, na kijana wa miaka 16 akikuuliza mbona hapa hesabu haijakaa sawa huo ni ushindi.

Michango midogo ya watu wengi wa karibu ni bora kuliko mkubwa wa mmoja wa mbali, japo mkubwa ukija msiukatae, soma tu masharti. Kuna hela zinakuja na shughuli ambayo hamkuichagua, zinakuja na picha. Kuhusu picha nitakuwa mkali kidogo: mtoto mchafu analia, jina lake na hadithi ya mama yake chini, hiyo inaleta hela kweli na inambakia mtoto kwenye mtandao mpaka siku anaomba kazi. Pigeni picha za kazi, mikono kwenye cherehani, timu kwa mbali, na uso utumike tu kwa ruhusa ya maandishi ya mzazi na ya kijana mwenyewe, majina na mahali viachwe, na akibadilisha mawazo ishushwe. Mathayo 6 inasema mkono wa kushoto usijue wa kulia unafanya nini, sisi tumeutangazia mpaka mkono wa jirani.

Usajili sitakaa nao sana kwa sababu kila nchi ina ofisi na sheria zake, nendeni mkaulize wenyewe kwenye mamlaka inayosajili vyama au mashirika yasiyo ya kiserikali. Popote ulipo utaombwa katiba, basi ndani yake hakikisheni kuna ukomo wa uongozi, namna ya kumwondoa kiongozi, mkutano mkuu mara ngapi, nani anakagua hesabu, na mali zitaenda wapi kikundi kikifa. Mkiwa chini ya kanisa amueni mapema nani ana kauli ya mwisho, mchungaji au kamati, maana mchungaji akihamishwa ndo mtajua kama mlikuwa na kikundi au mlikuwa na mchungaji.

WIKI KWA WIKI

Siku yenyewe isiwe na mambo mengi. Mlango ufunguliwe saa iliyotajwa, mtu mmoja asimame mlangoni asalimie kila anayeingia kwa jina. Majina jifunzeni, ni kazi ndogo yenye nguvu kuliko semina zote. Chakula kikiwepo kila mtu ale, volontia na vijana sahani moja ya aina moja. Kisha shughuli kuu, kisha muda wa kukaa tu, na huu muda wa kukaa tu usiubane na ratiba kwa sababu mambo mazito yanasemwa wakati wa kuosha vyombo na kupanga viti, sio kwenye duara la "kila mtu aeleze anajisikiaje".

Daftari la mahudhurio lipo kwa sababu moja, kujua nani hayupo. Akikosa mara mbili mfululizo mtu aende nyumbani kwao au ampigie mzazi, sio kumgombeza, kumwambia tu tumekuona haupo. Sheria za kikundi watunge wao, chache, na adhabu zake watunge wao pia, halafu nyie mzilainishe maana huwa wakali ajabu kwa wenzao. Anayekuja amelewa au ametumia kitu harudishwi mtaani, anakaa pembeni na mtu mzima mpaka apoe, na mazungumzo ni kesho yake.

Mtakutana na mambo yanayowazidi. Madawa, mimba, mawazo ya kujiua, kesi za polisi. Nyie sio madaktari. Tengenezeni mapema orodha ya kliniki, washauri nasaha, wanasheria wa msaada, ustawi wa jamii, mkawatembelee na kujitambulisha kabla hamjawahitaji, na siku ikifika msimpe kijana namba ya simu, mpelekeni kwa miguu yenu mkae naye kwenye benchi. Anayesema anataka kufa achukuliwe kwa uzito siku hiyohiyo, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali, maombi yaende sambamba na daktari na sio badala yake.

Na binti akipata mimba msimfukuze kwenye kikundi. Nalisema kwa sababu vikundi vya kanisa hufanya hivyo upesi, eti asiharibu wengine, na yule kijana wa kiume aliyehusika anaendelea kuimba kwaya.

Kupima kazi msijichoshe na makaratasi. Wangapi walikuwepo mwanzo wa mwaka na bado wapo mwisho. Wangapi wamerudi shule au wamemaliza ufundi, na baada ya miezi sita wako wapi. Wangapi kati ya volontia wa leo walikuwa vijana wa jana, hiyo ndo namba ninayoiamini kuliko zote. Na mara moja kwa mwaka waulizeni vijana bila nyie kuwepo, mtu wa nje awaulize, nini tuache kufanya.

VOLONTIA ANAPOONDOKA, NA KIKUNDI KINAPOFUNGWA

Watu watachoka. Wape likizo kabla hawajaomba, wagawanyeni zamu, na anayebeba kila kitu peke yake mzuieni hata kama anafurahia, maana siku akianguka anaanguka na funguo zote. Volontia akihama au akiacha, aage. Wiki mbili tatu kabla awaambie vijana mwenyewe, aeleze kwa nini, amtambulishe atakayeshika nafasi yake, na asiahidi kurudi kutembelea kama anajua hatarudi. Wengine watakasirika na kuacha kuja, wafuateni nyumbani kama mlivyozoea.

Na ikitokea kikundi kinafungwa, hela zimeisha au watu wamekwisha, msifunge kwa kunyamaza. Toeni taarifa miezi mitatu kabla, kila kijana akabidhiwe kwa jina kwa mtu au shirika lingine lililokubali kumpokea, mikataba ya ufundi inayoendelea ipate msimamizi, kikundi cha kuweka na kukopa kibaki na sanduku lake kwa sababu ni lao. Vifaa viende pale katiba iliposema, hesabu za mwisho zikaguliwe na zibandikwe ukutani kama kawaida, na mafaili ya watoto yasiachwe kwenye kabati la ukumbi, yanayotakiwa na sheria yakabidhiwe kwa ofisi inayohusika na yaliyobaki yachomwe mbele ya mashahidi wawili.